Hela ya mwaka mzima unayo, mbona unanyimwa nyumba? Kupanga ughaibuni bila mshahara wa kila mwezi

Kila inapokaribia Septemba, Mwanza huwa na watu wanaofunga mizigo. Wapo wanaokwenda kusoma, wapo waliooa au kuolewa nje, wapo wafanyabiashara wanaotaka kukaa mwaka mmoja au miwili karibu na soko lao. Siku hizi wapo pia vijana wanaofanya kazi za mtandaoni wakiwa chumbani Nyegezi au Buswelu, hawana bosi wala tarehe ya mshahara. Visa wanapata, tiketi wanakata, halafu wanakwama mahali ambapo hawakutegemea kabisa: nyumba. Malalamiko yanafanana. "Nimemwambia nalipa miezi sita kwa mkupuo, hata mwaka mzima, kakataa. Hela ninayo. Anataka nini tena?"

Majibu yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mengi ni nusu ukweli. Wengine wanasema ni ubaguzi tu, basi. Wengine wanasema visa ikishatoka nyumba haina shida. Na wapo wanaoshauri utafute mtu wa stesheneri akutengenezee slipu ya mshahara ya kampuni ambayo hujawahi hata kupita mlangoni kwake. Huo wa mwisho uachane nao mapema. Karatasi ya kughushi ikigundulika, mkataba unaweza kuvunjwa ukiwa umeshahamia, na mwenye kukaa nchi ya watu kwa kibali hatakiwi kuwa na kesi ya namna hiyo.

Ili jambo lieleweke, tuanzie hapa kwetu.

Ukitaka chumba Mkolani au nyumba nzima Buhongwa, dalali anakuzungusha, unampa chake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja, kisha mwenye nyumba anataja muda: miezi mitatu, sita, au mwaka. Unafanya kazi gani anaweza kukuuliza, lakini ni kwa mazungumzo tu. Hela yake ipo mkononi kabla hujaingiza godoro, na ikiisha bila wewe kuongeza, wote mnajua kwamba muda wako umekwisha. Kwa utaratibu huu mvuvi, mama lishe, bodaboda na daktari wa Bugando wanapimwa kwa kipimo kimoja: nani ameshika hela leo. Ni utaratibu unaoumiza maskini, maana kupata kodi ya miezi sita kwa mara moja si kazi ndogo, lakini una hisani moja kwa mtu asiye na mshahara. Haumuulizi kesho atapata wapi.

Sehemu kubwa ya Ulaya muda wa kukaa haununuliwi namna hiyo. Sheria ndiyo inayoutoa. Ujerumani mikataba mingi ya nyumba haina tarehe ya mwisho. Mpangaji akitaka kuondoka anatoa taarifa ya miezi mitatu, ila mwenye nyumba hawezi kuamka siku moja akasema ondoka. Lazima awe na sababu inayotambuliwa na sheria, kwa mfano yeye au mtu wa familia yake anahitaji kuishi humo, au deni la kodi limefika miezi miwili. Hata hapo, mpangaji akigoma kutoka, njia ni mahakamani. Ufaransa, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, mpangaji kwa kawaida hatolewi ndani hata kama hukumu imeshatoka, kwa sababu ya baridi. England nayo, kuanzia tarehe 1 Mei 2026, imefuta ule utaratibu wa mwenye nyumba kumtoa mtu bila kueleza sababu.

Sasa jiweke upande wa pili. Ukishampa mtu ufunguo, kuurudisha ni safari. Ndiyo maana mwenye nyumba wa huko anachuja watu mlangoni, kabla ya kuingia, kwa ukali ambao sisi tunauona wa ajabu.

Mfikirie tajiri wa mtumbwi pale mwalo wa Kirumba. Anamkabidhi nahodha mtumbwi, injini na nyavu, mali ya mamilioni, na usiku ule ule mali hiyo inatokomea ziwani. Nahodha huyo jana alivua ndoo ngapi, hilo halimnyimi tajiri usingizi. Kinachomnyima ni kwamba injini ikiishia Goziba, atamfuata nani? Kwa hiyo anauliza: kwenu wapi, nani anakufahamu, ulikuwa kwa tajiri gani kabla ya hapa, na mliachana vipi. Mwenye nyumba wa Leeds au Berlin anauliza hayo hayo. Tofauti ni kwamba anayauliza kwa karatasi.

Ukishaliona hilo, rundo la nyaraka wanazodai linaanza kusomeka. Hati ya mshahara inajibu swali la kama mwezi ujao utalipa. Rekodi ya mikopo inajibu kama umewahi kukimbia deni la mtu. Amana, ile hela unayoweka mwanzoni na kurudishiwa ukiondoka, ni ya siku utakapovunja dirisha au kuacha bili. Na mdhamini ni mtu atakayefuatwa ukitoweka. Asiye na mshahara anakosa jibu la swali moja kati ya manne. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kutumia nguvu zote kuomba huruma kwenye swali hilo moja, huku yale matatu yamebaki wazi.

Kulipa mwaka mzima kwa mkupuo

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa sababu wanaokushauri wote wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa nchi yake na mwaka wake.

Waliokwenda kusoma Uingereza miaka ya nyuma watakuambia: sikuwa na mdhamini, nikalipa miezi sita mbele, nikapata. Ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Lakini sheria mpya ya upangaji ya England, iliyopitishwa Oktoba 2025 na kuanza kutumika kwa nyumba za kupanga tarehe 1 Mei 2026, inamkataza mwenye nyumba kudai au kupokea kodi kabla mkataba haujasainiwa, na ukishasainiwa, anachoweza kudai mbele ni kodi ya mwezi mmoja. Mabweni ya vyuo yana utaratibu wake, lakini kwa nyumba ya mtaani, ule mlango waliopitia kaka zetu umefungwa. Ukimwandikia dalali wa Manchester kwamba uko tayari kulipa mwaka, unamwomba avunje sheria, na ukimya wake usikushangaze.

Amana nayo ina kikomo: kwa kodi ya kawaida England haizidi kodi ya wiki tano, na lazima iwekwe kwenye mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Tangu mwaka 2019 dalali wa huko haruhusiwi kumtoza mpangaji ada ya kuonyeshwa nyumba wala ya kuandika mkataba. Jimbo la New York, kwa sheria ya mwaka huo huo wa 2019, limezuia amana au malipo ya awali kuzidi kodi ya mwezi mmoja. Uholanzi amana mwisho miezi miwili. Ujerumani mwisho miezi mitatu, tena mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu.

Sheria hizi zilitungwa kumlinda mtu asiye na akiba kubwa, asije akashindwa na mwenye mkoba mnene. Kwa bahati mbaya zinamfungia njia huyu wa kwetu ambaye silaha yake pekee ilikuwa ni huo mkoba. Sisemi ni sheria mbaya. Ningependa tungekuwa na nusu yake hapa Mwanza. Nasema tu kwamba zinabadilisha mchezo.

Halafu kuna Dubai, ambako mambo yako karibu na ya kwetu. Huko kodi hutajwa kwa mwaka na kulipwa kwa cheki zilizoandikwa tarehe za mbele, na anayelipa mwaka wote kwa cheki moja mara nyingi anapunguziwa bei kuliko anayeomba cheki nne au sita. Hela ya mkupuo inasikilizwa. Lakini ili uwe na kitabu cha cheki unahitaji akaunti ya benki, na ili benki ikufungulie akaunti ya namna hiyo unahitaji kibali cha ukaazi. Kwa asiye na mwajiri, kazi yote inahamia kwenye kibali.

Mapato yasiyo na tarehe

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni kwamba kodi isizidi thuluthi moja ya unachoingiza. Ufaransa wenye nyumba wengi wanataka mapato mara tatu ya kodi. Jijini New York kanuni ya mtaani ni mapato ya mwaka yafike mara 40 ya kodi ya mwezi: nyumba ya dola 2,000 inamtaka mtu wa dola 80,000 kwa mwaka.

Hesabu hii ya New York, pamoja na ukali wake, ina jambo moja zuri kwa mtu asiye na mshahara. Inapima mwaka. Haijali kama hela iliingia kidogo kidogo kila tarehe 28 au iliingia kwa mafungu makubwa matatu.

Chukua mfano wa muuza dagaa. Siku za giza mitumbwi inaingia ziwani, taa zinawashwa, mzigo unashuka mwaloni na hela inazunguka. Mbalamwezi ikija, dagaa hawafuati taa, mitumbwi imelala na yeye amelala. Ukichapa taarifa yake ya benki, itaonekana kama mtu mwenye homa: milioni nne leo, kimya siku kumi, milioni mbili, kimya tena. Mwenye nyumba wa Hamburg akiiangalia bila maelezo anaona mtu asiyeaminika. Akipewa ukurasa mmoja unaosema "nafanya biashara hii tangu mwaka fulani, hela huingia hivi kwa sababu hii, jumla ya miezi 12 iliyopita ni kiasi hiki, wastani wa mwezi ni huu kwa euro", anaona mfanyabiashara. Namba ni zile zile. Kilichoongezeka ni mtu aliyezipanga.

Ila ukurasa huo lazima uegemee kwenye kitu. Na hapa biashara nyingi za kanda ya ziwa zinajikwaa, kwa sababu hela yake haijawahi kupita mahali inapoacha alama. Inatoka mkononi kwenda mkononi, au inapita kwenye simu na kutolewa kwa wakala dakika hiyo hiyo. Mtu anayejua atapanga nje mwakani aanze leo kupitisha mauzo benki. Akiba kubwa iliyotua kwenye akaunti wiki iliyopita haimshawishi mtu. Swali la kwanza litakuwa imetoka wapi. Ndugu wakikuchangia milioni 15 Jumatatu ili uchape taarifa Jumanne, karatasi itasema hivyo hivyo. Uhamiaji wa Uingereza wenyewe, kwa visa ya mwanafunzi, unataka hela ionekane imekaa siku 28 mfululizo, na wenye nyumba nao wanaangalia kwa jicho linalofanana na hilo.

Karatasi za TRA watu wanazikimbia, lakini kwa mfanyabiashara na kijana wa kazi za mtandaoni hakuna mbadala mzuri wa hati ya mshahara kuliko makadirio ya kodi ya mapato ya mwaka mmoja au miwili iliyopita pamoja na uthibitisho kwamba ulilipa. Zinatoka serikalini, zina jumla ya mwaka, na mgeni anazielewa bila kufundishwa. Kama una mikataba na wateja wako, hata ya miezi sita sita, weka nayo.

Kwa mwanafunzi hali ni tofauti kidogo, hasa Ujerumani. Ili apate visa, wengi hufungua akaunti maalumu iliyozuiwa na kuweka humo euro 11,904, kiwango kilichoanza Septemba 2024. Akaunti hiyo inamwachia euro 992 kila mwezi. Watu wanaiona kama kero ya ubalozi na kuisahau, kumbe ndiyo slipu yao ya mshahara. Uthibitisho wake unaonyesha hela inayoingia kila mwezi kwa mwaka mzima, na mwenye nyumba katika mji wa wanafunzi ameshaiona mara nyingi. Iweke juu kabisa ya nyaraka zako. Ila iheshimu: mwenye euro 992 akiomba chumba cha euro 700, hata mimi ningemkatalia.

Usimwage kila karatasi uliyonayo, vilevile. Ufaransa orodha ya nyaraka ambazo mwenye nyumba anaweza kudai imewekwa kisheria tangu mwaka 2015, na taarifa ya benki haimo. Anayekudai taarifa ya akaunti yako huko anavuka mpaka wake.

Mdhamini, na kwa nini baba mwenye nyumba tatu hatoshi

Kuna hili linalowauma wazazi. Baba ana nyumba Isamilo, ana kiwanja Kisesa, ana hati zote, anaandika barua nzuri ya kumdhamini mwanawe. Jibu linarudi: samahani, mdhamini awe mkaazi wa nchi hii. Mzee anaona amedharauliwa.

Hakudharauliwa. Mdhamini ana thamani kama anaweza kufikishwa mahakamani kwa gharama inayolipa. Mwenye nyumba wa Birmingham akidai paundi 3,000 kutoka kwa mtu wa Isamilo, atahitaji wakili wa huko na wa huku, miaka, na nauli. Deni litaliwa na gharama. Nyumba zingekuwa kumi hesabu ingebaki ile ile.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni mtu au taasisi ya huko huko. Ufaransa kuna mpango uitwao Visale, unaotolewa bure na Action Logement, ambao unamdhamini mpangaji wa miaka 18 hadi 30, wakiwemo wanafunzi wa kigeni wenye visa ya muda mrefu. Unauomba kabla ya kusaini mkataba, na mwenye nyumba akiukubali haruhusiwi kudai mdhamini mwingine juu yake. Watanzania wengi wanaokwenda Ufaransa wanausikia wakiwa wameshahangaika mwezi mzima. Uingereza na Japani zipo kampuni zinazokudhamini kwa ada, na Japani hasa ni jambo la kawaida kabisa. Baadhi ya vyuo vya Uingereza huwadhamini wanafunzi wao wa kigeni. Uliza ofisi ya malazi ya chuo chako kabla hujamlipa mtu yeyote.

Na wewe uliyekwisha kukaa huko miaka, ukaombwa na binamu kutoka Mwanza umdhamini, soma ile karatasi kwa utulivu. Kudhamini ni kulipa. Akishindwa, deni ni lako, na kwenye nyumba za England zinazokaliwa na watu kadhaa kwa mkataba mmoja, unaweza kujikuta unadaiwa kodi ya mtu ambaye hata jina lake hulijui. Muulize mwenye nyumba kama udhamini unaweza kuwekewa kikomo: sehemu ya binamu yako tu, na hadi kiasi fulani. Wengi hukubali wakiulizwa. Hawatakuambia wenyewe.

Tukaone Würzburg

Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni miji dada tangu mwaka 1966, na wapo watu wetu wanaokwenda huko kwa masomo na kujitolea. Undugu wa miji haukupi chumba, lakini mji huo unafaa kwa mfano, kwa sababu ni wa wanafunzi na vyumba vinagombewa.

Kwanza, bei mbili. Tangazo litaandika Kaltmiete, kodi ya chumba chenyewe, na Warmmiete, kodi ukijumlisha gharama kama kupasha joto, maji na takataka. Umeme na intaneti mara nyingi viko nje ya zote mbili. Tuseme, kwa mfano tu, chumba kina Kaltmiete ya euro 400 na Warmmiete ya euro 520. Amana inahesabiwa kwa ile ya kwanza: miezi mitatu ni 1,200. Mtu anajumlisha 1,200 na 520, anapata 1,720, anakata tamaa. Lakini sheria inamruhusu kulipa amana kwa mafungu matatu, la kwanza mkataba unapoanza. Kwa hiyo siku ya kuingia anahitaji 400 na 520, jumla 920, halafu 400 nyingine kwa kila mwezi wa miwili inayofuata. Kwa mtu wa akaunti inayomwachia 992 kwa mwezi, bado haikai vizuri: miezi mitatu ya mwanzo atabaki na euro 72 za kula. Ndiyo maana mwenye kwenda Ujerumani anahitaji akiba pembeni ya ile iliyozuiwa, na hili halimo kwenye orodha ya ubalozi.

Dalali? Tangu Juni 2015 sheria ya Ujerumani inasema aliyemwagiza dalali ndiye anayemlipa. Kama mwenye nyumba ndiye aliyemtafuta, wewe hudaiwi hata senti.

Kisha inakuja Schufa, kampuni ya rekodi za mikopo iliyoanzishwa mwaka 1927. Mjerumani anatoa cheti chake cha Schufa kama sisi tunavyotoa kitambulisho cha NIDA. Mgeni hana rekodi, na rekodi yako ya mikopo ya Tanzania, hata iwe safi namna gani, haikufuati. Kukosa rekodi si sawa na kuwa na rekodi mbaya, lakini kwenye kompyuta ya kampuni kubwa ya nyumba matokeo yanaweza kufanana. Mtu binafsi mwenye chumba cha ziada ana uvumilivu zaidi, na wanafunzi wanaotafuta mwenzao wa kushiriki nyumba wana uvumilivu kuliko wote, maana wanachotaka kujua ni kama utaosha vyombo.

Njia inayofanya kazi mara nyingi ni kuingia kwa hatua. Bweni kwanza, maombi yakitumwa mapema, hata miezi kadhaa kabla. Au chumba cha muda cha mtu aliyesafiri. Ukilipa hapo miezi sita bila kuchelewa, una risiti za Ujerumani, una barua ya mwenye nyumba wa Ujerumani kwamba hudaiwi, na rekodi imeanza. Hapo ndipo utafute nyumba ya kudumu. Anayetaka kuruka kutoka Nyegezi moja kwa moja hadi mkataba usio na mwisho anajitafutia presha.

Angalizo moja kuhusu kujibanza kwa rafiki. Ujerumani lazima ujiandikishe manispaa ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na unahitaji karatasi iliyosainiwa na anayekupangisha. Bila hiyo hata benki inakuwa tabu. Rafiki akikuambia "kaa tu, ila jina lako lisionekane", amekupa godoro, anwani hajakupa. Na mara nyingi anasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe hana ruhusa ya kumpangisha mtu.

Na usishangae ukikuta nyumba haina jiko, hata sinki. Si wizi. Wapangaji wengi huko huhama na jiko lao.

Tuseme na ubaguzi, maana haitakuwa haki kuukwepa. Upo. Majaribio ya kutuma maombi yanayofanana kwa majina tofauti yamefanywa nchi nyingi za Ulaya, na jina la kigeni hupata majibu machache. Sheria inakataza, lakini kumthibitishia mtu ambaye hakukujibu ni kazi. Jibu la wengi ni kutuma maombi mengi zaidi ya wenyeji, yakiwa yamekamilika tangu barua ya kwanza, ili anayesita asipate kisingizio cha karatasi. Ni mzigo usio wa haki.

Tapeli naye anakusubiri

Mtu aliyekataliwa mara ishirini ndiye windo zuri. Tangazo litatokea: nyumba ya vyumba viwili, katikati ya mji, picha za kupendeza, bei nusu ya nyingine. Mwenyewe ni daktari au mmishenari aliyehamia nchi nyingine, hawezi kukuonyesha, lakini anakuamini. Tuma amana, ufunguo utakuja kwa posta. Wakati mwingine anakutumia hata nakala ya pasipoti, ambayo ni ya mhanga aliyetangulia.

Sisi ambao kila wiki tunapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunadhani hatuwezi kunaswa na hilo. Tunanaswa, kwa sababu tapeli huyu anaandika Kijerumani safi, na kwa sababu kulipa kabla ya kuona ni kitu tulichokizoea. Mwenye nyumba wa kweli anayekataza nyumba isionwe, anayetaka hela kabla ya mkataba, anayetaka kwa njia isiyorudishika, hayupo. Kama huwezi kwenda, tafuta mtu aliyeko mji huo akaone mlango ukifunguliwa. Hata Mtanzania usiyemfahamu, kupitia jumuiya zao, anaweza kukufanyia hilo kwa nusu saa.

Kazi ya kufanya ukiwa bado Mwanza

Muda wa kujiandaa ni miezi sita hadi mwaka. Hela ipite benki. Makadirio ya TRA yakamilike. Andika ule ukurasa mmoja wa maelezo, kwa lugha ya nchi unakokwenda ukiweza, bila historia ya ukoo. England mwenye nyumba anatakiwa kuhakiki haki yako ya kukaa nchini kabla ya kukupangisha, kwa hiyo hakikisha unajua jinsi ya kutoa ile namba ya kuhakiki kwenye mfumo wao wa visa za mtandaoni. Kukwama hapo dakika kumi kunaweza kumpa chumba mtu wa nyuma yako.

Na kuna karatasi moja isiyo na gharama ambayo karibu hakuna anayeibeba: barua ya mwenye nyumba wako wa sasa. Wajerumani wana hati kamili ya jambo hilo, inayosema mpangaji huyu hadaiwi kodi. Yako iandikwe kwa Kiingereza, iwe na jina lake, anwani ya nyumba, tarehe uliyoingia na utakayotoka, kiasi cha kodi, na sentensi moja kwamba hujawahi kuchelewesha wala kuharibu. Asaini, aweke namba ya simu. Kama nyumba ina mkataba wa serikali ya mtaa, ambatisha nakala. Wengi wanaona haya kumwomba mzee wa watu barua kama hiyo, wakati ndiyo inayojibu lile swali la tajiri wa mtumbwi: ulikuwa kwa nani kabla ya hapa, na mliachana vipi.

Mwambie tu mapema asikate simu ikiingia namba ya Ujerumani, inayoanza na +49.